Msimbati mwezi wa nane: ankara imetuandika wote wageni

Kutoka: Mama Zaituni, Leicester

Asalaam aleikum ndugu zangu wa kusini. Tuko saba, tunashuka Mtwara tarehe 10 Agosti 2026, na siku ya hifadhi ya bahari tumepanga Jumamosi ya tarehe 15, ufukweni Msimbati. Niliiandikia ofisi moja kuomba kumbukumbu namba ya kulipia kiingilio mapema. Imekuja namba moja ya watu saba, na wote tumeandikwa wageni. Mimi, baba yao na bibi yao tuna pasipoti za Tanzania. Watoto wanne, mkubwa miaka 16, wamezaliwa huku na wana za Uingereza. Nikiwauliza, jibu ni kwamba mfumo umeshatoa. Naomba kujua mawili: ankara inatenganishwaje, na je, cheti cha kuzaliwa pamoja na pasipoti yangu vinatosha watoto waingie kwa bei ya raia? Namba inaisha muda keshokutwa.

Kutoka: Bakari, Hamburg

Dada, usiilipe. Namba isiyolipwa inakufa yenyewe muda ukipita, haikudai kitu. Ukishalipa, kurudishiwa fedha ni barua juu ya barua. Andika upya uombe ankara mbili, na uraia uuseme ndani ya barua pepe yenyewe, jina kwa jina, pembeni namba ya pasipoti au ya NIDA. Usiyaweke kwenye kiambatisho peke yake. Anayetoa ankara anajaza idadi ya watu kwa kundi. Barua iliyotoka Leicester bila kutaja uraia ataiweka yote kwa wageni.

Kulipa, mwachie ndugu aliye Mtwara alipe kwa simu. Aingie Malipo ya Serikali, aweke tarakimu zote 12, asome jina la mlipwaji na kiasi kabla ya namba ya siri, kisha akutumie picha ya stakabadhi.

Watoto ni raia wa kurithi, hata viza hawahitaji.

Kutoka: Mwajuma, Reading

Kaka Bakari, ya ankara umesema vizuri. Ya viza unampeleka dada yetu pabaya. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje, lakini mzazi awe raia wa kuzaliwa au wa tajnisi. Mzazi ambaye naye aliupata uraia kwa kurithi hawezi kuupitisha tena. Halafu uraia pacha unavumiliwa hadi miaka 18 tu, kwa hiyo huyu wa 16 ana muda mfupi.

Na afisa wa uwanja wa ndege anasoma kitabu kilicho mkononi. Kitabu cha Uingereza kinataka viza: dola 50 kila mmoja (wenye pasipoti za Marekani ni 100). Ombeni mtandaoni wiki tatu kabla, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata lile jina la babu. Njia nyingine ni kuwaombea pasipoti za Tanzania ubalozini, ila kwa Agosti hii mmechelewa.

Mkiunganisha ndege Addis au Nairobi na kungoja kukazidi saa 12, mtaulizwa cheti cha homa ya manjano; chini ya mwaka mmoja haulizwi. Dawa ya kinga ya malaria msiidharau kwa sababu ni nyumbani. Watoto waliokulia Leicester hawana kinga hata chembe. Malarone inaanza siku moja au mbili kabla na inaendelea siku 7 baada ya kurudi. Hizo 7 za mwisho ndizo watu wanaziacha kwenye kabati.

Kutoka: Baba Nasra, Milton Keynes

Kabla ya ankara, soma bima yako. Serikali ya Uingereza imeweka tahadhari ya kutosafiri bila ulazima ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Cabo Delgado, kule Msumbiji. Kutoka ufuko wa Msimbati hadi mto Ruvuma ulio mpakani, ukipima kwa mstari ulionyooka, hazifiki 20. Bima nyingi za safari hazilipi ukiingia eneo la tahadhari, hata kama umevunjika mguu kwa kuteleza tu. Mtwara mjini na Mikindani ziko nje ya mstari huo. Isome tahadhari siku ya kukata tiketi, na uisome tena wiki ya kuondoka.

Kutoka: Selemani, Chikongola

Baba Nasra, hapa watu wanakwenda Msimbati kila mwisho wa wiki na familia zao. Mnatutangaza vibaya huko mliko.

Kutoka: Baba Nasra, Milton Keynes

Selemani ndugu yangu, sijasema Msimbati kuna hatari. Bima inapima kilomita, haiangalii utulivu wa ufuko. Akiumia mtoto akahitaji ndege ya wagonjwa, bili itakuja Leicester kwa mama yake. Anatakiwa ajue kabla, basi.

Kutoka: Nahodha, Msangamkuu

Mama Zaituni, mmebishana karatasi, hakuna aliyekuuliza maji. Mwezi mpya ni tarehe 12 Agosti. Tarehe 15 bado ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya. Bamvua la pwani yetu hujaa saa kumi na kupwa saa nne, kisha kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo Jumamosi hiyo mtafika maji yako mbali, kwenye saa sita yamekauka kabisa, na yakirudi kujaa jua linazama. Siku ya namna hiyo inafaa kutembea mwambani kuangalia, haifai watoto kuogelea. Na yanaporudi yanarudi kwa nguvu. Bamvua letu linapanda zaidi ya mita tatu. Mtoto aliyesimama juu ya fungu la mchanga anaona maji yanamzunguka kwa nyuma kwanza, upande wa nchi kavu, kwenye kijibonde ambacho asubuhi alikipita pakavu.

Hamisheni muende Jumamosi ya tarehe 22. Hapo ni maji mafu, yanajaa kwenye saa sita, saa saba mchana, hayapandi sana wala hayavuti sana. Hata hivyo Msimbati kina kinaingia ghafla, si kama Shangani ya Mtwara mjini. Watoto wabaki panapofika kiunoni, na mtu mzima asimame upande wa kilindini.

Agosti ni kusi, upepo wa kusini. Asubuhi bahari inalala, kuanzia saa tano upepo unaamka. Kama mnataka mashua kuwaona nyangumi (wanapita huku kuanzia Julai hadi Novemba), mwe majini saa kumi na mbili na nusu, mrudi kabla ya saa nne. Hesabu jaketi okozi kwa macho yako, na za watoto ziwe za watoto: ya mtu mzima inamvuka kichwani akitumbukia. Viatu vya raba, siyo ndala, kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wa miiba mieusi.

Kutoka: Selemani, Chikongola

Shikamoo nahodha. Naongeza la gari. Njia ni Mangamba, Madimba, Msimbati. Weka mafuta mjini. Mchangani gari la magurudumu manne, upepo wa tairi ushushwe hadi psi 18 au 20, na pampu iwemo ya kurudisha kabla ya lami. Linalozamisha magari pale ni dereva kukanyaga mafuta tairi likianza kuzunguka. Linachimba hadi gari linakalia tumbo. Simama, chimba mbele ya tairi kwa sepetu, laza mbao mbili, toka polepole. Usiegeshe chini ya mstari wa majani makavu, maji yakijaa hufika pale.

Maji ya kunywa lita nne kwa kila mtu. Chakula kiwe kwenye kikapu au vyombo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hata ile mtakayokuja nayo kwenye masanduku. Jiko na mkaa mnakuja navyo, msikate mkoko hata tawi. Makombe na matumbawe yanabaki pale pale. Ndege nyuki (droni) bila kibali iacheni Leicester.

Kutoka: Bakari, Hamburg

Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, na sisi bado tunafundishana kutoa upepo wa tairi kufika kijiji inakotoka. Lingeanza hilo kwanza.

Kutoka: Mwajuma, Reading

Kaka, zile ghasia za gesi Mtwara za 2013 bado zinatuuma wote, ila dada ana namba inayoisha kesho.

Mama Zaituni, Baba Nasra akikukatisha tamaa ya Msimbati, pandeni pantoni pale mjini mvuke Msangamkuu. Mchanga mweupe, minazi, na mko nje ya zile kilomita 20. Watoto wataiona Mtwara yote kwa ng'ambo. Mikindani nayo iko kilomita kama 10 tu: Boma la Wajerumani la 1895, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho, 1866.

Kutoka: Mama Zaituni, Leicester

Mungu awabariki. Tarehe nimehamisha, 22. Namba ya kwanza nimeiacha ife, na nimeomba ankara mbili kama Bakari alivyosema. Bima nimewapigia, wamesema watanijibu kwa maandishi. Ila la cheti cha kuzaliwa getini bado sijalipata. Niwaweke watoto kundi lipi?

Kutoka: Nahodha, Msangamkuu

Mkivuka kwangu, pweza yupo. Mwambie bibi yao ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha na chumvi nitamtafutia, ile myembamba kama vidole, ganda linatoka kwa kucha. Aniambie anataka ya moto au iliyolala.