Re: Binti anaingia sekondari Belfast (Ireland ya Kaskazini), tumpeleke wapi?

Habari zenu ndugu,
Binti yetu yuko darasa la saba, Septemba anaanza sekondari. Baba yake ni wa Roma (Mkatoliki), mimi KKKT (Mlutheri). Jirani kaniambia hapa Wakatoliki wana shule zao, na zile za serikali karibu zote wamejaa Waprotestanti. Nimebaki mdomo wazi. Hakuna pa katikati?
Mama Neema

---

Mama Neema, pole na hongera.
Pa katikati papo: shule za Integrated, zinazochanganya watoto wa pande zote. Angalia Lagan College, au Hazelwood Integrated College kama mnakaa kaskazini. Lagan waliianzisha wazazi wenyewe mwaka 1981, watoto 28 tu, mabomu ya ugomvi wa pande hizo mbili yakiwa bado yanalipuka mjini. Serikali ilikuja kuibeba baadaye. Hadi leo shule za aina hii hazifikii hata mtoto mmoja kati ya kumi, kwa hiyo nafasi zinagombaniwa.

Maombi ya nafasi yanapita mtandaoni kwa Education Authority (mamlaka ya elimu ya hapa), baada ya Krismasi, majibu Mei. Usijaze shule moja ukakaa kusubiri. Soma vigezo vya kila shule, maana kuna inayotumia alama za ule mtihani wa Novemba wa kuchuja wanaoingia sekondari, kwa sehemu ya nafasi. Na mkiulizwa dini msiruke: wanatafuta uwiano wa Wakatoliki, Waprotestanti na wengine. Neema kabatizwa wapi?
Baba Juma

---

Shikamoo Baba Juma. Mama Neema, mimi wa kwanza nilimpeleka shule ya Kikatoliki, na walimu wazuri sana, sitawasema vibaya. Ila sweta! Kituo cha basi mtu anatazama rangi ya sweta anajua wewe ni wa upande gani. Mwanangu alikuwa anafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, hata siku ya jua. Mdogo wake yuko Integrated. Jumatano ya Majivu wengine wanaingia darasani na majivu usoni, Novemba wengine wanavaa ua jekundu la kukumbuka askari, na hesabu zinaendelea. Ugomvi upo, ni watoto, lakini mwingi ni wa simu na mpira.
Dada Rehema

---

Asanteni sana. Kabatizwa Roma, nitaandika hivyo hivyo. Baba yake anauliza sare: bei ya dukani imemtisha.
Mama Neema

---

Piga simu ofisi ya shule uulize sare za mtumba. Kwetu wazazi wanaziuza Juni, blezi iko karibu mpya. Nunua kubwa kidogo.
Rehema