Nagele: serikali ilikuwa na haki ya kuchagua nani aishi kwenye ardhi mpya?

Mkaazi wa Polda: Wakuu, Nagele ni kijiji cha miaka ya 1950 huku Uholanzi, ndani ya Noordoostpolder. Pale palikuwa chini ya bahari. Tuta la Afsluitdijk liliiziba ghuba ya Zuiderzee mwaka 1932, maji yakapampuliwa, polda, yaani ardhi iliyotolewa majini, ikakauka 1942. Ardhi ikawa ya serikali, na kila aliyeomba shamba alichujwa. Maofisa walikwenda hadi nyumbani kwake kukagua. Naunga mkono, mali ya umma haigawiwi kiholela. Hata kuchungulia jikoni sioni kosa, usafi wa mama humtambulisha mkulima.

Binti Mrima: Kaka, hapo mwisho umeniudhi. Anayeomba shamba ni baba, anayepekuliwa masufuria ni mama?

Nahodha77: Mnabishania jiko, wavuvi wa Zuiderzee mmewasahau. Maji ya chumvi yaligeuka kuwa maji yasiyo na chumvi, samaki wao wakapotea. Halafu 1945 Wajerumani wakaizamisha polda hiyo hiyo!

Mkaazi wa Polda: Nahodha, iliyozamishwa Aprili 1945 ni Wieringermeer, polda nyingine. Noordoostpolder ilikuwa maficho ya vijana waliokwepa kupelekwa Ujerumani kufanya kazi. Wavuvi nao walitungiwa sheria ya msaada 1925. Dada, shamba la familia ni kazi ya watu wawili, ndiyo maana mke naye aliangaliwa.

Nahodha77: Msaada si bahari. Mvuvi hali sheria.

Mpimaji: Kuna jambo mnaliruka. Nagele ilichorwa na kundi la wasanifu, akiwemo Rietveld na Aldo van Eyck. Nyumba zote paa bapa, katikati uwanja mpana wa majani. Ukisimama pale unaona mbali, hakuna paa lililochongoka. Lakini wakajenga makanisa matatu na shule tatu, kila dhehebu na lake, kwa kijiji kidogo vile! Hata mchujo ulizingatia dini. Huo ndio ubaguzi wa kujadiliwa.

Mkaazi wa Polda: Si ubaguzi, ni kuhakikisha kila dhehebu lina watu wake. Uholanzi nzima iliishi hivyo.

Binti Mrima: Usinikimbie. Umesema watu wawili. Sheria ya kumtoa mwanamke aliyeolewa kwenye kundi la wasio na uwezo wa kufunga mkataba ilipitishwa Uholanzi 1956. Kabla ya hapo alihitaji idhini ya mumewe. Yaani mama wa polda alifaa kukaguliwa, hakufaa kutia sahihi!

Mpimaji: Hiyo hoja nzito, dada.

Mkaazi wa Polda: Ilikuwa sheria ya nchi, haikutungwa na maofisa wa polda. Msiwabebeshe.

Binti Mrima: Waliofungua makabati ya watu ni maofisa hao hao. Mama akishapasi ukaguzi, mkataba wa shamba uliandikwa kwa jina la nani? Nijibu hilo, kaka.