Mjadala: wajitoleaji wa Goma wapangwe kwa simu au kwa avenyu?

Mwanzisha mada, Katindo
Ndugu zangu, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna vijana wanaotaka kufungua jukwaa la mtandaoni ambako mtu anaandika jina, avenyu yake na anachoweza kufanya janga likitokea: kufunga jeraha, kubeba watu kwa pikipiki, kupikia umati. Mimi nawaunga mkono, na sababu yangu ni Mei 2021. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22. Tarehe 27, kabla hakujapambazuka vizuri, kartie (vitongoji) kumi za mji zikaambiwa zihame, na barabara ya Sake ikafurika watu. Huku nyuma lava ilikuwa imeharibu tangi la maji la Buhene na karibu watu nusu milioni walikosa maji ya bomba. Wenye moyo wa kusaidia hawakupungua. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: pikipiki hizi zipeleke madumu kule, ninyi wauguzi bakini hapa. Wakenya walianzisha Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za watu kwenye ramani, mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, na mwaka 2010 likatumika Haiti baada ya tetemeko. Sisi tunangoja nini?

Wa Ndosho
Yaya, Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, umeme ulikatika na maji pia. Hilo jukwaa ungelifungua kwa chaji gani? Bibi asiyeweza kutembea anajulikana na jirani yake na shefu wa avenyu. Tena Msalaba Mwekundu wana wajitoleaji wao, wamefundishwa, wanajua hata namna ya kumbeba maiti kwa heshima. Kijana aliyejiandikisha jana kwenye simu ataamriwa na nani?

Mama wa Majengo
Mimi naogopea watoto. Katika ule uhamaji wa 2021 mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao, na kila mtu mwenye simu alitaka kusaidia kwa kutuma picha. Ukishaandika jina la mtoto, nguo alizovaa na mahali alipo, umempa mtu mwovu kila anachohitaji ili aje aseme, "Huyu ni wangu." Mtoto wa miaka miwili atakataaje? Anayedai mtoto aulizwe jambo ambalo halijatangazwa popote: kovu, jina la dada, jina analoitwa nyumbani. Kama jukwaa litakuwa na ukurasa wa picha za watoto, mimi nitalipinga mpaka mwisho.

Wa Himbi
Orodha ya vijana wenye nguvu, na simu zao, na avenyu zao, katika mji wetu huu? Siandiki jina langu.

Mwanzisha mada, Katindo
Wa Himbi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na ningependa vijana wale waijibu kabla ya kuandikisha hata mtu mmoja. Maoni yangu: jukwaa lisihifadhi majina kabisa. Lihifadhi avenyu, kazi na idadi: avenyu fulani ina wauguzi wawili na pikipiki nne. Majina yabaki kwenye daftari la mtu anayeaminiwa na wakaaji wenyewe. Si lazima awe shefu. Kwingine atakuwa mama wa kanisa au mwalimu. Umeme ukikatika, daftari bado linasomeka, na hapo Wa Ndosho tunakutana.

Mama, kuhusu picha za watoto sina la kukupinga. Anayemkuta mtoto aende kwa Msalaba Mwekundu, basi.

Lakini sikubali tuendelee kumwachia shefu peke yake. Shefu anaijua avenyu yake. Hajui kwamba kartie ya tatu kuna gari tupu, na hilo ndilo linaloua watu wakati lava inashuka. Kuhusu swali la nani aamuru, nasema Msalaba Mwekundu: jukwaa liwaonyeshe watu walipo, amri itoke kwao. Anayetaka kuamuru kutoka kwenye simu yake asiandikishwe. Wa Ndosho, ukikubali hapo, tuanze na avenyu zetu mbili, yako na yangu.