Mnatupima sukari kwenye mahema, halafu kliniki haina hata stripu!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Kila ikifika Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, mahema yanasimama, fulana zinagawiwa, watu wanatobolewa vidole, viongozi wanapiga picha. Sawa. Sasa yule aliyekutwa na sukari 15 (mmol/L, yaani iko juu sana) anakwenda wapi? "Nenda kituo cha afya cha karibu." Anafika, mashine ya kupimia ipo, stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, hakuna. Na stripu si kwamba yoyote inaingia popote, kila mashine ina zake. Kwa hiyo mashine ya msaada iliyokuja bila mpango wa stripu inabaki kukaa kwenye droo.

Mama yangu ni mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Daftari lake la kliniki ninalo hapa mkononi. Presha imeandikwa, uzito umeandikwa, dawa zilezile, "arudi baada ya mwezi". Penye sukari pamechorwa mstari. Penye miguu patupu. Hajawahi kuambiwa avue viatu! Kukagua miguu kunataka nini? Macho ya muuguzi, na kale kauzi ka plastiki ka kugusia unyayo kujua kama ganzi ya kisukari imeanza. Hakuhitaji umeme wala daktari bingwa. Lakini hapana, tunangoja kidonda kioze, ndipo nafasi ya chumba cha upasuaji inapatikana haraka kweli.

HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, sisi tunakisikia tu kwa wenzetu.

Watoto ndio wananiuma zaidi. Mtoto anakonda, anakojoa usiku kucha, maji hayamtoshi, anatapika, anahema mbiombio. Anatibiwa malaria, kisha nimonia. Tone moja la damu kidoleni lingemaliza ubishi. Kisukari cha aina ya kwanza hakingoji. Bila insulini, ile sindano ya kushusha sukari, mtoto anakufa, na wapo wanaozikwa wazazi wao wasijue kilichowaua. Insulini hiyo iligunduliwa 1921, na wagunduzi wakauza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu. Miaka zaidi ya mia imepita, dirishani bado tunaambiwa "imeisha, njooni wiki ijayo".

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegunduliwa. Watagunduliwa kwa kutumia nini, kwa kuonjwa mkojo kama waganga wa kale?

Wauguzi na wafamasia mliomo humu, nijibuni: oda ya stripu anaijaza nani, na kwa nini haiendi pamoja na oda ya dawa? Na tafadhali, asije mtu hapa kunihubiria mtindo wa maisha. Hilo somo tumeshalipata kwenye mahema.