Watu sita, franka 8,000 kwa siku, Bukavu: nipike nini watoto wale vizuri?

Mama_Bagira
Jambo wandugu. Tuko watu sita nyumbani: wakubwa wawili na watoto wa miaka 2, 6, 9 na 13. Pesa ya chakula ni franka 8,000 kwa siku, na makala yanatoka humo humo. Kwa sasa asubuhi ni chai na mkate, magaribi ni bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo) ao maharagi, siku ya Mungu nyama kidogo. Watoto wanashiba lakini njaa inarudi haraka. Tena maharagi yanakaa motoni saa tatu nzima, makala yanaisha. Friji haiko. Munipangie, na munipe vipimo.

Jiko_la_Kadutu
Dada, bei sitaitaja, ya leo soko ya Kadutu si ya kesho. Nitataja kilo.

Anza na maharagi, kwa sababu hapo ndipo makala yako yanapotea. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100. Hata uongeze makala, maji hayapiti hapo. Yanageuka mvuke tu. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na kuloweka.

Kwa watu sita chukua gramu 600 kavu. Chagua mawe, osha, loweka jioni ndani ya litri mbili za maji, yalale saa 10 hadi 12. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya yapite maharagi kwa vidole vitatu. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili. Usiruke hatua hii, zaidi kwa maharagi mekundu: yana sumu inayoumiza tumbo, na moto wa pole pole hauivunji. Kisha funika, punguza hewa ya mbabula (jiko la makala), yaendelee dakika 20.

Sasa toa sufuria, na kifuniko chake kimekaza, uitie ndani ya kikapu kikubwa ulichokwisha kutandika blanketi nzee ao majani makavu ya ndizi, chini, pembeni na juu. Usifungue kwa saa 4 ao 5. Maharagi yanaendelea kuiva kwa joto lake, na mbabula iko huru kwa kazi ingine. Kuna namna tatu za kuharibu: sufuria iliyojaa nusu tu (inapoa mbio, ijaze hadi theluthi mbili walau), kufungua kila mara kuchungulia, na kupakua bila kurudisha motoni. Lazima yachemke tena dakika 10 mbele ya kula, maana kikapu kikipoa vijidudu vinazaana.

Nyanya na ndimu zinaingia mwisho, maharagi yakiisha kulainika. Uchachu unayafanya yakatae kuiva.

Bwana_Soko
Na magadi je? Kijiko kidogo tu na yanalainika mbio.

Lishe_Ibanda
Ni kweli yanalainika, lakini magadi yanaua vitamini B1 ya maharagi, na kwa nyumba ambayo maharagi ndiyo nyama yao, hiyo ni hasara kubwa. Kuloweka kunatosha. Kama yameloweka usiku mzima na bado ni magumu, ni ya zamani, yalilala mahali pa joto na unyevu.  Uliza mama muuzaji ni ya mavuno gani.

Mama Bagira, njaa inayorudi haraka inatoka kwa bugali yako na ile chai. Bunga ya muhogo ina protini isiyofika hata gramu 2 kwa kila gramu 100. Ya mahindi ina karibu 8. Sisemi uache muhogo, ni bei rahisi na inashika bugali vizuri. Changanya: makopo mawili ya mahindi yasiyokobolewa, kopo moja ya muhogo. Kwa nyumba yako kilo moja na nusu kwa siku inatosha. Bunga ya mahindi ichemke kwanza kama uji dakika 10, ndipo uongeze ya muhogo na kusonga. Ukizitia pamoja, mahindi yanabaki mabichi na watoto wanaumwa tumbo.

Muhogo mchungu uwe umelowekwa siku tatu ao nne na kuanikwa ukauke kabisa. Bunga inayotoka kwa muhogo uliolowekwa siku moja juu ya haraka inabaki na sumu, na mtu anayekula hiyo kila siku bila protini anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu na hauponi.

Mkate wa asubuhi uache, weka uji wa masoso: kilo 2 za mahindi, 1 ya mtama, 1 ya soja. Soja uikaange pole pole hadi ibadilishe rangi na ngozi ianze kupasuka, ndipo upeleke yote kinuni. Soja mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na watoto wanaharisha. Usisagishe ya zaidi ya majuma mawili, mafuta ya soja yanachacha. Kwa watu sita: gramu 300 ndani ya litri mbili na nusu. Koroga kwanza na maji baridi, kisha ichemke dakika 20. Ya mtoto wa miaka 2 iwe nzito, idondoke kwa kijiko pole pole, na uongeze kijiko kidogo cha mawese ao karanga zilizosagwa. Uji mwepesi unajaza tumbo lake dogo kwa maji.

Chai muinywe saa moja ao mbili baada ya chakula. Ikiingia pamoja na maharagi inazuia madini ya chuma kuingia damuni. Ndimu ao nyanya mbichi kidogo juu ya sahani inafanya kinyume chake.

Mama_Bagira
Asanti sana. Na sombe? Yenyewe ndiyo inamaliza makala kuliko vyote.

Jiko_la_Kadutu
Sombe usiipunguzie moto, dada. Majani ya muhogo yana sumu ile ile. Yatwangwe laini kabisa, halafu yachemke bila kifuniko dakika 20 za kwanza ili hewa ile mbaya itoke, ndipo ufunike. Pika mara mbili kwa juma, sufuria kubwa ya siku mbili, na uichemshe tena jioni na asubuhi kwa kuwa friji haiko. Siku zingine pika lengalenga (mchicha) ao matembele: osha mbele ya kukata, dakika 5 hadi 8 motoni, basi. Makala kidogo sana.

Mawese vijiko vitatu kwa sufuria nzima vinatosha. Usiyachome hadi yapauke. Ile rangi nyekundu ndiyo vitamini A ya macho ya watoto, na moshi ukitoka imekwisha kuungua. Nunua nusu litri ya juma zima, usinunue kila siku kwa vijiko; muuzaji wa vijiko anapata faida zaidi.

Bwana_Soko
Pesa ya nyama ya siku ya Mungu igeuze sambaza kavu, samaki wale wadogo wa ziwa Kivu. Kwa uzito ule ule zina protini zaidi ya mara mbili kuliko nyama mbichi, kwa sababu maji yamekwisha kutoka, na mtoto anakula kichwa na mifupa, ndiyo kalisiamu yake. Gramu 50 ndani ya sombe ao lengalenga, siku nne za juma. Ya mdogo uitwange. Zioshe na maji moto kwanza, mchanga ni mwingi.

Maharagi nayo, ukiweza kuungana na majirani wawili, nunueni gunia wakati wa mavuno, Januari na Februari, ao Juni na Julai. Yakauke jua, halafu bidoni ya litri 20 ijae hadi shingoni na ifungwe kabisa. Inaingia karibu kilo 15. Vidudu vinakosa hewa, vinakufa. Bidoni ikibaki nusu tupu, havifi.

Mama_Bagira
Sambaza kuna siku zinapanda bei bila sababu. Nifanye nini?

Bwana_Soko
Sababu iko. Wavuvi wa Kivu wanazivuta usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitego inarudi mitupu, na soko inapanda. Angalia mwezi: nunua za majuma mawili wakati usiku ni giza, uzianike tena saa chache juani, uzifunge ndani ya kopo kavu yenye kifuniko. Zikianza kunuka uchachu ao kulainika, zimeshika unyevu. Hizo usimpe mtoto.