Usukani ukitetemeka si lazima iwe diski ya breki! Mafundi na wauza spea, acheni huu mchezo

Jameni, hii tabia imezidi. Gari linaingia gereji, mwenyewe analalamika kwamba usukani unatetemeka akishika breki, na hata gurudumu halijatolewa fundi ashatoa hukumu: "Diski zimepinda, leta pesa ya mpya." Mtu anatumwa Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea ya Nairobi, zinanunuliwa, zinafungwa, mambo shwari. Baada ya kilomita elfu tano hivi mtetemo umerudi, na fundi yuleyule sasa anasema ulinunua feki. Feki zipo, tena tele. Lakini mara nyingi diski haikuwa na kosa lolote. Aliyeiua ni aliyeifunga.

Sikilizeni vile inaenda. Diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ukikanyaga breki, hukaa juu ya habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Habu ya gari lililotoka Japani na miaka kumi mgongoni ina kutu, hasa kuzunguka bolti za gurudumu. Fundi anachomoa diski kuukuu, anapangusa na kitambaa, anabandika mpya juu ya kutu hiyohiyo. Diski inakaa upande kidogo sana, jicho halioni. Kila ikizunguka, sehemu moja inagusa pedi hata kama hujakanyaga breki, inalika polepole mahali hapo tu. Siku ya kwanza husikii kitu. Tofauti ya unene ikifika karibu 0.02 mm, usukani unaanza kucheza. Joto halijapinda chochote hapo.

Dawa yake ni brashi ya waya na msasa, dakika kumi kwa kila habu, mpaka chuma king'ae. Baada ya hapo funga diski kwa nati zote bila rimu, weka kile kipimo chenye uso kama wa saa, kama 10 mm kutoka ukingoni, zungusha taratibu. Mshale ukicheza zaidi ya 0.05 mm, chomoa diski, isogeze bolti moja mbele, pima tena. Gereji nyingi hazina hicho kipimo, na bado ndizo zinazotangaza "brake specialist" kwa rangi nyekundu ukutani.

Halafu ile mashine ya upepo ya kukazia nati. Trrrrr mpaka inalia, nati ya kwanza imekazwa kama ya lori na ya mwisho imeachwa. Hiyo peke yake inavuta diski upande. Toyota nyingi ndogo, Vitz, Axio, Fielder, nati ya gurudumu inataka mkazo wa 103 Nm, unakaza kwa kuvuka hadi nati ya upande wa pili, si kwa kuzunguka, na mkazo wa mwisho kwa torki renchi, ile inayopima mkazo, gari likiwa limeshuka chini.

Sasa nyinyi wauzaji. "Ni ya Fielder, itaingia tu" si jibu. Fielder ya injini ya 1500 na ya 1800 msizidhanie kuwa pacha. Itisha namba ya chesisi, ulinganishe kipenyo, unene na kimo cha kofia ya diski, ile sehemu ya kati iliyoinuka, na ile iliyotolewa. Diski ikiwa fupi kwenye kofia inaingia vizuri kabisa, ila pedi zitasugua nje ya mahali pake. Na mnunuzi asome ukingo wa diski au kwenye kofia: pameandikwa MIN TH na namba. Huo ndio unene ambao chini yake diski ni chuma chakavu. Iliyoanza na 22 mm mara nyingi mwisho wake ni 20 mm, ndiyo kusema una milimita mbili tu za kula maisha yote.

Hapo ndipo wizi wa kuskimu, yaani kukwangua uso wa diski kwa mashine, ulipo. Diski imebaki 20.6 mm, inapelekwa leithi, mashine ya kukatia chuma, inakatwa 0.4 mm kila upande, inarudi 19.8 mm inang'aa kama kioo. Umelipia kutupiwa diski yako. Kuskimu si dhambi kama unene utakaobaki uko juu ya kikomo kwa nafasi ya kutosha, lakini apime kwa maikromita mbele yako kabla na baada, mahali kadhaa kuzunguka diski. Akikupimia kwa rula, ondoka. Na zile diski zenye matundu mnazouziwa na vijana wa mapambo, kwa gari la kwenda kazini na kurudi Rongai hazina faida; matundu ndipo nyufa huanzia.

Pedi nazo. Usinunue boksi, boksi linachapishwa popote. Geuza pedi usome mgongoni na ubavuni. Kuna msimbo wenye herufi mbili, kwa mfano FF au GG: ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G juu ya hapo. Ukikuta FE, jua mshiko unapungua ikipata moto, na ukishuka ule mteremko mrefu wa kwenda Mai Mahiu utaikumbuka hiyo E. Pedi za viwango vya Ulaya zina E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Pedi isiyo na maandishi yoyote, nyenzo zake zinamumunyuka pembeni ukikwaruza kwa ukucha, irudishe dukani hata kama ni ya bei ya chai.

Kwa mjini, seramiki au zile laini zisizo na chuma zinatosha: hazipigi kelele sana wala hazili diski sana. Zenye chuma kingi zinavumilia moto vizuri zaidi, ila zinakula diski na rimu inakuwa nyeusi. Chagua shida yako.

Jambo ambalo hakuna anayeligusa: pini za kalipa. Kalipa ndiyo inayobana pedi kwenye diski, na huteleza juu ya pini hizo. Ukitoa pedi ukakuta ya ndani imebaki 2 mm na ya nje 8 mm, tatizo si pedi. Pini, au pistoni inayosukuma pedi, imekwama. Chomoa pini, safisha, paka grisi ya silikoni. Grisi ya beringi, ile ya kopo kubwa, inavimbisha mpira na pini inakwama vibaya kuliko mwanzo. Na kalipa isininginizwe kwa paipu yake jameni, tafuteni kipande cha waya cha kuitundikia. Diski mpya ioshwe mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa. Nyingine mnazifunga zikiteleza vile zilivyotoka kwenye plastiki.

Gari likitoka, kanyaga pedeli mara kadhaa kabla ya kuondoka, la sivyo breki ya kwanza itaenda hadi sakafuni. Kisha oanisha pedi na diski: barabara tupu, Southern Bypass Jumapili asubuhi inafaa, shuka kutoka 50 hadi 10 km/h mara kumi, ukiacha nusu dakika katikati, bila kusimama kabisa. Malizia kwa kuendesha dakika kumi zipoe. Ukitoka gereji moja kwa moja kwenye foleni ya Jogoo Road ukikanyaga na kushikilia, pedi moto inaacha alama yake kwenye diski, na mtetemo huo.

Nyongeza, maana kuna walioniuliza inbox: pedeli laini baada ya mteremko mrefu si diski wala pedi mara nyingi, ni mafuta ya breki yaliyonyonya maji. Yabadilishe kila miaka miwili, aina ya DOT 3 au DOT 4 kulingana na maandishi ya kifuniko, na utumie gia ya chini kwenye mteremko.

Mwenye kujua gereji yenye torki renchi inayotumika, si ya kutundikwa ukutani, aandike mtaa hapa chini.