Ushauri: Stihl 070 ya zamani, ninunue au niache?

Mpenda_Vyuma
Wakuu, habari za jioni. Niko Mafinga. Sipasui mbao kibiashara, napenda tu mashine za zamani, na nyuma ya nyumba nina mikaratusi ya kupunguza kwa ajili ya kuni. Kuna mzee aliyekuwa mpasuaji anauza chensoo yake, Stihl 070, kwa laki nne. Rangi imebanduka ila sijaona palipovunjika. Anasema imekaa stoo muda mrefu, lakini ukiitia petroli inawaka. Nikienda nikague nini?

Fundi Makambako
Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika silinda kwanza. Ikiwa na joto, ujue ameshahangaika nayo, na wewe unataka kuiona ikiwaka ya baridi.

Halafu fungua ekzosi. Kupitia tundu la moshi utaona ubavu wa pistoni. Vuta kamba polepole ipande na kushuka. Alama nyepesi si kitu. Michirizi ya wima iliyochimbika ni habari nyingine: hiyo imewahi kufanya kazi kwa petroli yenye oili kidogo, au inavuta hewa mahali. Hapo hesabu pistoni, na huenda silinda pia.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii ni sili za kranki, zile pete za mpira zinazoziba pande mbili za ekseli ya injini. Mashine ikilala stoo miaka mingi, mpira hukakamaa. Iwashe ipate joto, ivutishe mafuta, kisha achia. Mlio ukichelewa kushuka, au ukipanda wenyewe ukiilaza ubavu, inavuta hewa. Ukiipeleka msituni hivyohivyo utaiua pistoni nzima kabisa. Shika pia gurudumu la sumaku ulitikise juu na chini. Likicheza, beringi zimekwisha.

Kabureta isikutishe. Ngozi zake zikikauka zinabadilishwa. Na 070 za mwanzo zina platini, kwa hiyo ikikosa cheche safisha platini kabla hujauziwa koili.

Mama Misindano
Kaka, mimi nina shamba la miti na nimeajiri wakataji wengi. Hiyo mashine kwa kuni za mikaratusi ni kubwa mno. Inapita kilo 10 kabla hujafunga ubapa (ule upanga unaozungukwa na cheni) na cheni yenyewe. Vishikio vimefungwa moja kwa moja kwenye mwili wake, hakuna mpira wa kupunguza mtetemo, jioni vidole vinakufa ganzi. Kubwa zaidi, za zamani nyingi hazina breki ya cheni. Ncha ya ubapa ikigusa gogo, mashine inarukia usoni na hakuna cha kuisimamisha. Tafuta Husqvarna 268 au 272 yenye breki nzima. Nayo ni ya zamani, utaipenda tu.

Kijana_wa_Njombe
Dada, mwenzio kasema anapenda vyuma 😂 Mpenzi wa Land Rover ya zamani humwambii anunue Vitz. Injini ya 070 ni cc 106, ukubwa uleule wa Contra, chensoo ya Stihl iliyotoka 1959. Aichukue, magogo manene yapo.

Ila angalia isiwe ya kuiga, maana 070 za kuiga zimejaa. Vipuri vya 070 na 090 vya kiwandani namba zake huanza na 1106, zitafute kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibandiko. Nazo zinaigwa, sawa, lakini zikikosekana kila mahali, ondoka.

Mama Misindano
Vitz haikati miguu, mdogo wangu.

Mpenda_Vyuma
Nimetoka kwa mzee. Silinda ilikuwa ya baridi, nati za ekzosi zimekula kutu lakini zilifunguka. Pistoni safi. 1106 nimeiona. Iliwaka baada ya kuvuta sana, ila nikiachia mafuta mlio unachelewa kushuka, vilevile alivyosema Fundi. Nilimwonyesha mzee, akanuna kidogo, akashuka hadi laki tatu. Nimechukua. Mama, nimekusikia: kuni nitakata na msumeno wa mkono, hii ni ya magogo yaliyokwisha kulala chini. Oili nichanganye vipi?

Fundi Makambako
Oili ya Stihl yenyewe, 1 kwa 50: mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukipata oili nyingine ya tustroku, kiwanda chenyewe kinasema 1 kwa 25, yaani mililita 200. Usitie oili ya injini ya gari. Na kwenye tangi la kulainisha cheni usimwage oili chafu iliyotolewa kwenye gari, inakula pampu. Cheni yake ikiwa ya 404 (kipimo cha nafasi kati ya pingili), tupa ya kunolea ni milimita 5.5.

Pitia pia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya uulize utaratibu wa kibali, na mwombe mzee akuandikie karatasi ya mauziano. Sili nilete zote mbili, upande wa klachi na upande wa sumaku. Kabla hazijabadilishwa usiiwashe tena, hata kuwaonyesha majirani.